Naogopa kuiua mashine ya kazi: Linux pembeni ya Windows kwenye laptopu ya steshenari

MamaKopi_Nyegezi

Mwangaluka wana Kanda ya Ziwa, na wengine wote habari za saa hizi.

Nina steshenari ndogo Nyegezi, si mbali na stendi. Kopi, kuchapa, kubaindi, laminesheni, paspoti saizi, na kinacholipa kodi ya fremu ni kadi: za michango, za harusi, za kipaimara, hata za arobaini. Kazi yote iko kwenye laptopu moja, HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, prosesa i5 kizazi cha 6, RAM 8GB, diski ya SSD 256GB, Windows 10. Betri ilishakufa zamani. Chaja ikichomoka mashine inazima papo hapo kama mshumaa uliopulizwa.

Kinachonisumbua ni flashi za wateja. Mwezi uliopita kijana mmoja kaleta ripoti ya fildi, kurasa sitini na kitu, kesho yake anaikabidhi. Nachomeka flashi, mafolda yote yana kale kamshale kadogo pembeni. Nikabofya. Najua, msinikaripie, nilikuwa na foleni ya watu saba na mtoto mgongoni. Kufika jioni kila flashi iliyopita kwenye mashine yangu ilikuwa na mishale. Mama mmoja alirudi analia, picha za msiba wa mumewe hazionekani. Nilirudisha hela za watu watatu, nikampelekea fundi laptopu akanipigia Windows upya, na katika kupiga huko akafuta templeti zangu za kadi za miaka miwili. Fundi mwenyewe simtaji, tumeshamalizana.

Sasa mtoto wa dada yangu anasema niweke Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta mbali na Windows, virusi vya mishale haviishi huko. Lakini kadi zangu natengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft, na nimeambiwa Publisher haifanyi kazi kwenye Linux. Windows 11 nayo imeikataa mashine yangu, na Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo hivyo tena, haitunzwi.

Ndiyo nauliza: inawezekana vikakaa vyote viwili, asubuhi nikiwasha nichague? Umeme ukikatika katikati ya kuweka inakuwaje? Na printa yangu Epson ya matangi ya wino itakubali? Nataka jibu la mtu aliyewahi kufanya. Aliyeona kwenye video abaki na video yake.

dogo_wa_Igoma

Shikamoo mama. Inawezekana kabisa, wala si kazi. Shusha Linux Mint, aina moja ya Linux, faili ni kama 2.8GB, tumia bando la usiku. Iweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Ingia Windows, Disk Management, bofya kulia diski C, chagua Shrink Volume, toa GB 60. Washa kwa flashi, chagua kusakinisha pembeni ya Windows, nenda kale samaki, ukirudi imeisha. Mimi nilifanya mwaka jana, dakika 25.

Halafu Windows 10 haijafa kihivyo. Ukijiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza unapata viraka vya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026.

fundi_makoroboi

Dogo, umesoma alichoandika mama au umesoma kichwa cha habari tu? Betri imekufa. Yaani unamwambia akate diski yenye riziki yake, Mwanza hii, mashine ikiwa inaishi kwa chaja.

Mama, nikueleze kwanza kwa nini umeme ni jambo kubwa hapa. Ukipunguza patisheni, yaani kipande cha diski, ya Windows, kompyuta haikati tu mstari kama unavyokata karatasi. Kuna mafaili yamekaa upande unaotaka kuuachia Linux, inabidi yahamishwe kwanza, moja moja, na daftari la mahali yalipo liandikwe upya. Umeme ukizima katikati ya uhamisho, faili liko nusu huku nusu kule na daftari linasema uongo. Mara nyingi Windows inajitengeneza yenyewe ikiwaka. Mara nyingine haijitengenezi, na hapo ndipo watu wanakuja kwangu na sura za msibani.

Habari njema: hiyo 840 G3 naijua, zimepita mikononi mwangu nyingi. Ndani ina nafasi mbili za diski, ya M.2 ile ndogo kama kipande cha bigijii, na ya inchi 2.5. Fungua kifuniko cha chini uone yako imewekwa ipi. Nafasi ya pili ikiwa wazi, nunua SSD ya mtumba ya GB 120 au 128, Linux ikae kwake na Windows ikae kwake. Hukati chochote. Umeme ukikatika katikati, kilichoharibika ni Linux ambayo bado hujaizoea, unaanza upya, kadi zako ziko salama kwenye diski nyingine. Nafasi ya inchi 2.5 ina kamkanda kake na fremu yake. Mashine nyingi za mtumba zinakuja bila navyo, kwa hiyo angalia kabla hujanunua diski.

Na hapa kuna mtego ambao video hazisemi. Kisakinishi cha Mint, hata ukikiambia weka kila kitu kwenye diski ya pili, kina tabia ya kwenda kuweka GRUB, yaani kile kimlango cha kuchagua mfumo, kwenye diski ya kwanza, ya Windows. Siku ukiitoa ile SSD ya Linux, Windows nayo inaweza kugoma kuwaka na hujui kwa nini. Dawa yake ni ya kishamba lakini haijawahi kuniangusha: chomoa diski ya Windows kabisa, iweke kwenye droo, funga droo. Sakinisha Linux ikiwa peke yake ndani. Ukimaliza rudisha ya Windows. Asubuhi ukiwasha, bonyeza F9 kwenye HP, utaona orodha, chagua unayoitaka. Hakuna mfumo unaojua habari za mwenzake.

Hii inakuepusha pia na yale ya Agosti 2024, Windows ilipoleta sasisho likazifungia Linux nyingi zisiwake kwenye mashine zenye Secure Boot, ule ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka. Si kwamba hayawezi kujirudia, ila kila mfumo ukiwa na diski yake unapata pa kushika.

Kabla ya yote hayo: washa Linux kwa flashi tu bila kuisakinisha. Inakubali. Inakaa kwenye RAM, haigusi diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa. Kikigoma kitu, unazima na hujapoteza hata senti.

Mwl_Nansio

Salaam. Naomba niongeze la kwangu, ingawa ni la aibu.

Mimi nafundisha Ukerewe. Laptopu yangu ilikuwa ya zamani, RAM 4GB, diski ya kuzunguka. Nilitaka kufanya kama alivyosema huyo kijana wa Igoma. Diski ilikuwa ya mpangilio wa kizamani, MBR, ambao hauruhusu zaidi ya patisheni kuu nne, na zote nne zilikuwa zimeshachukuliwa: moja ya kuwashia, moja ya C, na mbili za kiwanda za kurejesha mfumo. Kisakinishi kikawa hakioni pa kukaa. Mimi kwa ujuaji wangu nikafuta moja niliyodhani haina kazi.

Nilipanda meli ya asubuhi kwenda Mwanza na mashine kwenye mfuko wa rambo, ndani yake mitihani ya muhula wa kidato cha pili na alama za wanafunzi wote. Fundi aliokoa mitihani. Alama hazikuokolewa. Nilizirudia kutoka kwenye madaftari ya watoto, daftari moja baada ya jingine, wiki mbili kwa taa ya sola.

Kwa hiyo mama, kabla ya bisibisi, nakili. Templeti zako weka kwenye diski ya nje, na nyingine weka kwa mtu mwingine kabisa, si kwenye droo hiyo hiyo ya fundi.

fundi_makoroboi

Pole mwalimu. Hiyo ya patisheni ya kiwanda nimeikuta mara nyingi mno.

Mama, andika msinfo32 kwenye kitufe cha kutafutia cha Windows, tazama mstari wa BIOS Mode. Ikisema UEFI, yaani namna mpya ya kuwasha mashine, flashi ya Linux nayo iwashe kwa UEFI. Ikisema Legacy, ile ya kizamani, niambie kwanza kabla hujagusa kitu.

MamaKopi_Nyegezi

Asanteni sana. Imesema UEFI. Nimeomba shemeji afungue kifuniko: SSD iliyopo ni ile ndogo, na ya inchi 2.5 iko wazi, fremu na kamkanda vipo! Mungu yupo.

Mwalimu, umenifanya nikose usingizi. Templeti nimenakili mara tatu. Moja iko kwa dada yangu Sengerema, siku hizi ni kuvuka daraja tu, ingekuwa enzi za kuganda Kigongo tunangoja kivuko nisingekwenda kwa ajili ya flashi.

Ila hamjanijibu kuhusu kadi.

mchapaji_wa_zamani

La kadi nijibu mimi, maana hao mafundi hawajawahi kukesha na kamati ya harusi.

Publisher kwenye Linux haipo. LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchora, inafungua faili za .pub za Publisher, ndiyo, lakini inavyozifungua! Maua yanahama, jina la bwana harusi linapanda juu ya jina la baba mkwe. Usijaribu kwa kazi ya mteja. Na ujue Publisher yenyewe inazikwa: Microsoft wametangaza kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo hata ungebaki Windows tu, safari ya kuhama ipo. Mimi nilihamia Inkscape, programu nyingine ya kuchora. Mwezi wa kwanza niliichukia. Sasa hivi kadi ya michango naimaliza kwa nusu saa, na inafanya kazi Windows na Linux sawasawa. Ianze huko huko Windows, kadi moja moja, usihamishe templeti zote kwa mkupuo.

La pili, ripoti za wanafunzi. Usichape .docx ya mteja kutoka LibreOffice bila kuitazama ukurasa kwa ukurasa. Linux haiji na Times New Roman wala Calibri zenyewe, inakuwekea ndugu zao, Liberation Serif na Carlito. Wamepimwa upana ule ule wa herufi kwa hiyo mistari haihami sana, lakini majedwali na yaliyomo yanaweza kuyumba, na mwanafunzi atakuambia umeharibu. Mwambie alete PDF. PDF haina maneno.

dogo_wa_Igoma

Fundi nimekubali nimechapwa. Ila niongeze moja: mama, uzime Fast Startup kwenye Windows. Ukiizima Windows kwa kawaida huwa hailali, inasinzia usingizi wa mang'amung'amu ili kesho iwake haraka. Sasa Linux ikija kufungua diski ya Windows inaikuta haijafungwa vizuri, inakuruhusu kusoma tu, kuandika hapana. Fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, basi.

fundi_makoroboi

Hapo dogo umesema la maana.

Mama, Mint faili lake ninalo. Njoo Makoroboi na flashi ya GB 8, usimalize bando. Lakini ukishanakili linganisha namba ya sha256, ile inayothibitisha kwamba faili halijaguswa, na iliyoko kwenye tovuti yao. Hata mimi usiniamini.

MamaKopi_Nyegezi

Narudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Sikupotea, ilikuwa msimu wa mahafali.

SSD ya GB 128 nilipata mtumba kwa 40,000. Jumapili mchana nimefunga duka, diski ya Windows nikaitoa nikaifunga kwenye kanga nikaipa binti yangu aishike. Kasimama nayo mlangoni muda wote kama ameshika mtoto wa watu. Na umeme ukakatika kweli! Mstari wa kusakinisha uko katikati, giza. Nilicheka peke yangu. Ungenikuta nimekata diski C siku ile, hapa ningeandika mengine. Ulivyorudi saa kumi nikaanza upya, dakika kama ishirini ikaisha.

Printa: niliichomeka nikaikuta imeshajileta yenyewe, sikutafuta CD wala nini. Rangi nyekundu inatoka imepauka kidogo kuliko ya Windows. Kwa kopi na ripoti sijali. Kwa kadi najali, kadi ziko Windows bado.

Flashi ndiyo stori. Siku ya kwanza tu kaja kijana na flashi yenye mishale. Nikaichomeka kwenye Linux mkono unatetemeka. Nikaona mafaili yote uchi: mafolda halisi ya mtu yapo pale pale, yale ambayo Windows ilikuwa inayaficha, na pembeni mishale imekaa kama vifaili vidogo tu vyenye .lnk mwishoni, na kimoja cha .vbs. Nikabofya mshale makusudi. Hakuna kilichotokea. Yule mdudu anajua kuongea na Windows tu. Nikanakili mafolda yake kwenye mashine, nikafomati flashi, nikamrudishia. Kijana akaniuliza ni shilingi ngapi, nikakosa bei. Nikasema mia tano.

Ila kuna kitu kilinitia wazimu siku tatu, na hamkunionya hata mmoja! Nafungua duka saa mbili asubuhi, nawasha Windows, inaniambia saa kumi na moja alfajiri. Narekebisha. Jioni naingia Linux, iko sawa. Kesho yake Windows tena, saa kumi na moja alfajiri. Nikadhani betri ndogo ya saa imekufa, nikaenda mjini kununua, nikabadilisha, wapi. Mteja mmoja akaniletea risiti yake: "Mama, mimi nilikuja saa nne, hapa umeandika saa moja, bosi wangu atasema nimetengeneza mwenyewe." Hiyo betri ndogo ilinila elfu tatu bure.

fundi_makoroboi

Hahaha, samahani mama. Kosa langu hilo, mimi nimeshalizoea hadi silioni.

Ndani ya mashine kuna saa moja tu. Linux inaiandika kwa saa ya dunia, UTC. Windows inaisoma ikidhani ni saa ya hapa. Sisi Tanzania tuko mbele ya UTC kwa saa 3, ndiyo maana unarudishwa nyuma saa tatu kamili. Ungekuwa London wakati wa baridi usingegundua maishani. Fungua terminali, dirisha la amri, kwenye Mint uandike: timedatectl set-local-rtc 1. Itakulalamikia kwamba si utaratibu mzuri. Iache ilalamike. Rekebisha Windows mara ya mwisho, haitarudi tena.

Mwl_Nansio

Mama hongera. Swali: binti anayekusaidia anajua lini awashe ipi? Mimi nina walimu wenzangu watatu wanaotumia mashine moja, wakiona sura ngeni wanazima kwa kidole.

MamaKopi_Nyegezi

Mwalimu, nimebandika karatasi ya laminesheni juu ya kibodi. Imeandikwa F9, chini yake: KADI = DIRISHA. FLASHI YA MTU = JANI. Ile nembo ya Mint yeye anaiita jani, sikumsahihisha. Siku ya pili alikosea mara moja, akaja kuniambia kompyuta imebadilika rangi. Sasa hivi ananipita, amegundua mwenyewe kwamba picha za paspoti anaweza kuzikata kwa GIMP, programu ya kuhariri picha.

Fundi, saa imekaa. Wiki nzima sasa. Betri ndogo ya zamani bado ninayo, mwenye shida nayo aje.

Limebaki moja. Printa inachapa vizuri lakini skana yake kule kwenye jani haionekani. Watu wanaleta vyeti vya kuzaliwa nawaambia subirini nibadilishe mfumo, foleni inafika nje.

fundi_makoroboi

Nenda tovuti ya Epson, tafuta Epson Scan 2 ya Linux, chukua faili lenye .deb.tar.gz mwishoni, lifungue, ufuate maelekezo ya kusakinisha yaliyomo. Ikigoma lete mashine Jumamosi. Njoo kabla ya saa sita, mchana nakwenda Mwaloni kufuata dagaa.